Kulia kwa Nani

Dada yangu alipopata nafasi ya kusoma uhandisi wa mifumo ya mawasiliano ya anga chuo kikuu, nyumbani hakuna aliyeelewa anakwenda kusoma nini. Mama alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia mashuka hospitalini, na huko aliwaambia wenzake kwamba binti yake anasoma ndege. Habari ikatoka hapo ikawa inakua njiani. Ilipomfikia mjomba ilikuwa imeshakuwa urubani, na mjomba akaanza kuulizia tiketi za bure. Jirani mmoja alitaka kujua kama sare za wahudumu wa ndege wanajinunulia au wanapewa. Dada alijaribu kueleza mara mbili tatu, kisha akaona isiwe taabu, akawa anacheka tu.

Mimi ndiye ninayemfuata kwa kuzaliwa na tulilala chumba kimoja, kwa hiyo mimi sikukwepa somo. Aliniambia chombo kikishapaa, kinachobaki kati yake na sisi ni sauti tu. Sauti ikikatika, hilo ni bati linaloelea. Alinieleza kwa nini king'ora cha gari la wagonjwa hubadilika mlio likishakupita, na kwamba setilaiti nayo hufanya vivyo hivyo, hivyo anayeisikiliza lazima aufuate mlio wake unavyoshuka, la sivyo ataipoteza. Alikuwa akichora nyuma ya karatasi za kalenda. Siku za likizo chumba chetu kilijaa karatasi hizo hadi Mama akasema siku moja atazifua pamoja na mashuka.

Walianza darasa watu arobaini na mmoja, wasichana sita. Mwaka wa tatu wasichana walibaki wawili, dada na rafiki yake. Wale wawili walikutana wiki ya kwanza kwa sababu mmoja alikuwa na kikokotozi na mwingine hakuwa nacho, wakakaa dawati moja, na hawakuachana tena. Darasani waliwaita Pacha, wote wawili, na walimu wengine hawakujisumbua kujua yupi ni yupi. Kwetu sisi Pacha alikuwa yule rafiki. Alikuja kila likizo. Alimwita mama yetu Mama, si mama fulani. Alikuwa na kikombe chake jikoni, cha bluu chenye mpini uliogongwa kidogo, na ole wako ukinywea.

Mhadhiri wao wa antena walimwita Nukta. Alikuwa Daktari wa kweli, mwenye vyeti ukutani, na kila alipomaliza kueleza jambo alisema, "Ni hivyo, nukta." Alikuwa mwalimu mzuri, lazima niliseme hilo. Dada alimheshimu sana. Alirudi nyumbani akimwigiza anavyosimama, kidole kimoja juu kama antena, na tukacheka mpaka Mama akatugongea ukuta.

Mwaka wao wa nne chuo kilipata setilaiti yake ya kwanza. Kilikuwa kidude kidogo tu, ukubwa wa mkate, kitakachopandishwa na roketi ya watu wengine pamoja na mizigo yao. Nukta ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waligawiwa kazi, na kazi hizo ndizo zingekuwa mtihani wao mkubwa. Dada na Pacha walipewa kituo cha kupokelea mawimbi, juu ya paa la jengo la uhandisi. Pacha alishika kipokezi na kompyuta, chini chumbani. Dada alishika antena yenyewe, kule juu kwenye jua na kinyesi cha njiwa.

Sasa nieleze kosa lilivyokuwa, maana bila hilo mengine hayana maana, na si gumu. Wimbi lililotoka kwenye setilaiti ile lilikuwa linajizungusha likija, kama msumari wa skrubu. Antena ya kulipokea lazima izunguke upande uleule. Moja ikiwa ya kulia na nyingine ya kushoto, ni kama kufunga nati kwenye skrubu isiyo yake: utazungusha mpaka mkono uume na haitaingia. Kinachoamua upande ni kipande cha waya kisichozidi kiganja, kwamba umekiunga huku au kule. Mchoro wa Nukta ulisema kulia. Kijitabu cha kiwanda kilichotengeneza antena ya setilaiti nacho kilisema kulia. Kila mtu akaridhika.

Dada hakuridhika kwa sababu alikisoma kijitabu chote, hadi kurasa za mwisho ambazo huwa zina anwani na maonyo. Huko, kwa herufi ndogo, kiwanda kilieleza kwamba kinapotaja kulia, kinahesabu kwa mtu anayelitazama wimbi likimjia usoni. Nukta, na vitabu vyote vya darasani, walihesabu kwa mtu aliyesimama nyuma ya wimbi akilitazama linakwenda. Fikiria saa ya ukutani yenye kioo mbele na nyuma. Wewe uliye mbele unaona mshale unakwenda kulia. Aliye nyuma yake anauona unakwenda kushoto. Mshale ni uleule.

Akakichukua kijitabu akaenda nacho ofisini kwa Nukta. Alinisimulia mazungumzo hayo mara nyingi kiasi kwamba nayajua kwa moyo. Nukta alisoma ule ukurasa, akavua miwani, akaifuta.

"Hapa wameandika kulia," akasema.

"Ndiyo, Daktari. Lakini kulia kwa nani?"

"Kulia ni kulia. Wewe uko mwaka wa ngapi?"

"Wa nne, Daktari."

"Mimi nilianza kusoma mawimbi kabla mama yako hajajua kama atakuzaa. Mchoro huu umepita kwenye kamati. Funga kama ulivyochorwa. Nukta."

Akafunga kama ulivyochorwa. Lakini kabla ya hapo aliandika kwenye daftari la maabara. Sheria ya maabara ilikuwa kwamba kila ukurasa unaandikwa tarehe, unasainiwa na aliyefanya kazi na shahidi mmoja. Aliandika kwamba amemweleza Daktari wasiwasi wake kuhusu upande wa mzunguko, na Daktari ameagiza mchoro ufuatwe. Akasaini. Pacha akasoma, akasema, "Wewe unatafuta balaa," wakacheka, na Pacha akasaini chini yake. Fundi wa maabara, bwana mmoja mnene aliyefunga miwani yake kwa waya wa shaba, alikuwa amesimama hapohapo akisubiri arudishiwe koleo lake.

Roketi ikapaa. Setilaiti ikaachiwa salama, na siku zilizofuata ilipita juu ya chuo asubuhi na alasiri, kila mpito kama dakika kumi. Mpito wa kwanza watu walijaa chumbani hadi mlangoni, makamu mkuu wa chuo akiwa mbele. Hawakusikia kitu. Wa pili, kimya. Wa tano, mkwaruzo mmoja kama wa mtu anayekuna sufuria, kisha kimya. Watu wakaacha kuja.

Kimya kile kilidumu wiki tisa. Dada alimwomba Nukta ruhusa ya kugeuza waya, si mara moja. Alimwambia anahitaji dakika ishirini, na isipofaa ataurudisha ulivyokuwa. Nukta alikataa. Mara ya kwanza alisema tatizo ni betri ya setilaiti. Mara ya pili alisema tatizo ni kompyuta. Mara ya tatu alisema mwanafunzi asiyejua mipaka yake hafiki mbali, tena alisema mbele ya darasa zima. Dada alikonda. Kila mpito alipanda ngazi za paa akakaa chini ya antena, akiitazama inavyogeuka polepole kukifuata kitu asichokiona. Ningekuwa mimi ningeugeuza ule waya kimyakimya, na nilimwambia hivyo. Akaniambia mtu anayegusa mtambo bila ruhusa si mhandisi.

Ikaja wiki ya mapumziko ya muhula. Pacha alimwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike, unatisha. Mimi nitabaki naiangalia." Dada akaja nyumbani na begi moja, akalala siku mbili mfululizo.

Siku ya nne, mchana, alikuwa uani anachambua mchele. Mama akaingia mbio kutoka kazini, aproni yake imelowa mpaka magotini, anacheka na kulia kwa pamoja. Walikuwa na redio kwenye chumba cha kufulia, na redio imesema setilaiti ya chuo imeongea. Wenzake wote wamempa mkono wa pongezi. Amemwomba mkuu wake ruhusa ya nusu saa aje amkumbatie mwanawe. Dada aliweka ungo chini.

"Wamesemaje, Mama? Wamesema tatizo lilikuwa nini?"

"Sijui, dogo tu. La kufunga waya, wamerekebisha. Wewe njoo hapa!"

Akakubali kukumbatiwa. Nilimwona uso wake juu ya bega la Mama, na sijawahi kuuona tena uso wa namna ile kwa mtu mwenye afya. Mama alipoondoka, alinawa mikono, akampigia Pacha. Simu iliita hadi ikakatika. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya nne ilikuwa imezimwa. Kesho yake picha ikatoka gazetini: Nukta amevaa vipokea sauti masikioni, mkono mmoja juu, na pembeni yake Pacha anatabasamu.

Chuo kilitaka kujua ni nani aliyeuziba mdomo mradi wao kwa wiki tisa, na Nukta akaandika ripoti. Ripoti ilisema kosa lilikuwa la mwanafunzi aliyefunga antena kinyume cha mchoro. Dada akaitwa mbele ya watu watatu. Mchoro uliowekwa mezani ulikuwa na waya upande mpya. Aliposema huo sio mchoro aliopewa, wakamtaka alete wake. Wake ulikuwa maabara, na maabara walikuwa wameshabadilisha kufuli. Akawaomba wasome daftari. Wakasoma ule ukurasa, wakasema maneno kama hayo mtu anaweza kuyaandika hata baada ya mambo kuharibika, ndiyo maana kuna shahidi. Wakamwita Pacha.

Pacha hakumtazama. Alisema, "Nilisaini kama tulivyozoea kusainiana. Sikusoma."

Fundi wa maabara naye aliulizwa, akasema yeye anahusika na vifaa, maneno ya wataalamu hayamhusu.

Hukumu ilikuwa sifuri kwenye mradi na kurudia mwaka. Lakini siku mbili baadaye katibu wa idara alimwita pembeni, kwa upole kabisa, akamwambia kuna njia. Aandike barua fupi ya kukiri kosa na kuomba radhi. Daktari hana kinyongo. Atapewa alama ya kupita, atahitimu na wenzake, na barua itakaa kwenye faili la idara, haitatoka humo.

Akaja nyumbani kutuambia kwamba amekataa.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na sijipambi. Mama alilia. Alisema mwaka mwingine hana nguvu nao, mgongo wake umekwisha kwa kuinua mashuka ya maji, na kwani kuomba radhi kunatoboa mwili? Mwanangu, nenda yaishe. Dada aliniangalia mimi, maana mimi ndiye niliyejua habari ya saa na mshale. Nilikuwa na mambo yangu. Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri zamu yangu ya kusomeshwa, na zamu yangu haikuweza kuanza kabla yake haijaisha. Nikamwambia, "Dada, ni karatasi tu. Wewe mwenyewe unajua ukweli, inatosha."

Alivuta kiti akakaa mezani. Kisha akaomba karatasi. Nilimpa mimi, nikaichana kutoka kwenye daftari langu.

Aliandika kwamba anakiri alifunga waya kinyume na mchoro aliopewa, kwa uzembe wake mwenyewe, na kwamba alionywa akapuuza. Hilo la kuonywa katibu ndiye aliyelitaka.

Akahitimu. Siku ya mahafali Pacha alipewa zawadi ya mradi bora. Alikuja tulipokuwa tumesimama, joho limemkaa vizuri, akafungua mikono akasema, "Mama!" Na Mama, ambaye siku zote hakujua kumnyima mtu kumbatio, akamkumbatia. Dada akageuka akaenda kurudisha joho lake la kuazima kabla hata picha hazijapigwa. Sisi tulio kwenye picha ile ni Mama, Pacha na mimi.

Baada ya miaka miwili serikali ilifungua kituo kikubwa cha setilaiti na ikatangaza nafasi. Pacha alikuwa ameshaajiriwa huko. Dada akaomba, akafanya mtihani wa kuandika, akashika nafasi ya pili kati ya watu mia na kitu. Kwenye usaili wa mdomo alijibu kila kitu vizuri. Mwisho mama mmoja mwenye sauti tulivu akatoa karatasi kwenye bahasha, akaisogeza mbele yake.

"Hii barua ni yako?"

"Sahihi ni yangu."

"Na yaliyomo?"

"Si kweli."

"Kwa hiyo ulisaini uongo."

Dada aliniambia kwamba pale alielewa hakuna jibu la tatu. Akisema barua ni kweli, yeye ni mzembe. Akisema si kweli, yeye ni mwongo. Akasema, "Ndiyo, nilisaini uongo." Yule mama akamshukuru kwa ukweli wake, na hawakumwita tena.

Alipata kazi uwanja wa ndege, kitengo cha mitambo ya kuongozea ndege kutua. Huwa amevaa fulana ya rangi ya machungwa, anazunguka mwisho wa njia ya kurukia kwenye vibanda vidogo vyenye majani mpaka kiunoni, anapima mawimbi yanayomwambia rubani kama yuko kulia sana au kushoto sana. Yuko hapo mwaka wa kumi na tatu. Wakubwa wake wanasema hawajawahi kuwa na mtu makini kama yeye, na hawajawahi kumpandisha cheo zaidi ya mara moja. Hakuolewa. Wakati mmoja alikuwepo mwalimu wa hesabu, mpole, aliyekuja nyumbani mara kadhaa. Mwalimu huyo aliniambia kwamba kila anachomwambia dada, dada humwomba akirudie kwa maandishi. Alisema kama mzaha, lakini hakuendelea kuja.

Kwa Mama, dada alikuwa akija, akileta alicholeta, akirekebisha pasi, taa na redio, kisha akiondoka. Hakumlaumu hata siku moja. Mama angependa alaumiwe. Aliniambia hivyo mwaka ule alipostaafu, tukikunja nguo: "Angenitukana tu, nikalia, yakaisha."

Mwaka jana aliletwa mhandisi mpya kitengoni, msichana aliyetoka chuo kilekile, mwerevu na msemaji. Walikuwa kibandani wanaunga antena ndogo ya majaribio, na yule msichana akamsimulia hadithi ambayo chuoni wanafundishwa siku ya kwanza ya somo la antena. Zamani kulikuwa na mwanafunzi wa kike aliyeunga waya mmoja kinyume, akainyamazisha setilaiti ya taifa wiki tisa kwa sababu hakusoma mchoro. Nukta amestaafu sasa, ila hadithi wameibakiza kwenye vitini vya somo lile, na mwaka wowote ule mtu akikosea maabara wenzake humwuliza kama yeye ni mjukuu wa yule dada. Msichana alikuwa anacheka.

Dada aliendelea kukaza skrubu mpaka ikakaza. Kisha akasema, "Nilikuwa mimi."

Akachukua kalamu akamchorea ile saa yenye kioo pande mbili, akamweleza kulia ni kwa nani, tangu mwanzo mpaka kwenye barua. Msichana alisikiliza yote. Alipomaliza, msichana akauliza, kwa adabu, kama kuna ushahidi wowote. Dada akasema hakuna.

Aliponisimulia hayo hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonisumbua. Nikajikaza nikamwambia neno nililolibeba miaka yote hiyo. Nilimwambia, "Dada, nisamehe kwa ile karatasi. Sikuwa nakufikiria wewe. Nilikuwa nafikiria zamu yangu."

"Najua," akasema. "Nilijua siku ileile."

Nikasubiri aongeze kitu. Aliuliza kama watoto wangu wameshapona mafua, akatazama saa yake, akasema zamu yake inaanza saa nane na mvua ikinyesha vibanda vinavuja. Akachukua fulana yake kwenye kiti, akatoka.